Mtu wa Tatu na Daftari la Kijani

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mzee wetu, historia hii inasomwa na binti yake mkubwa kwa niaba ya familia, na kabla hajaendelea hana budi kueleza kwa nini ameshika karatasi mbili badala ya moja. Marehemu, ambaye kazini alijulikana kwa jina la Mtu wa Tatu, aliacha maagizo ya maandishi, tarehe 2 Mei 2024, kwamba historia yake iandikwe na watu wawili, mkewe na mdogo wake wa kiume, kila mmoja peke yake pasipo kuchungulia ya mwenzake, kisha binti azilinganishe na kuamua penye tofauti. Msiba una mambo mengi, nyumba imejaa wageni, viti havitoshi, na bado ilibidi tukae siku mbili tukilinganisha karatasi, lakini ndivyo alivyokuwa, na aliyetangulia hagombezwi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 kwa mujibu wa kadi ya kliniki, au tarehe 19 Machi 1956 kwa mujibu wa cheti cha shule, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi cherehani na mkewe, na maisha yake yote alikataa kuchagua mojawapo, kwa kuwa mama yake mzazi, alipoombwa aamue, alijibu, "Mimi nilikuwa nazaa, sikuwa natazama kalenda." Watoto wake walimpongeza mara mbili kila mwaka, naye mara zote mbili alisema hana hakika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1963 hadi 1969, sekondari kuanzia 1970 hadi 1973, kisha chuo cha uhazili mwaka 1974 na 1975, mwanamume pekee katika darasa la wasichana ishirini na sita, akahitimu akipiga chapa maneno sabini kwa dakika bila kutazama vidole, na kosa moja alilofanya siku ya mtihani alilijutia hadi wajukuu wakalijua kwa moyo.

Tarehe 5 Januari 1976 aliajiriwa katika ofisi ya usajili wa ardhi, chumba namba 14, na huko ndiko kompyuta ya kwanza ilikoletwa mwaka 1987, ikafungiwa katika chumba chenye zulia na kiyoyozi ambacho wafanyakazi hawakuwa nacho, ikafunikwa kitambaa cha meza, na mkuu wa ofisi akaamuru isiguswe mpaka afike mtaalamu, ambaye hakufika kwa miaka miwili. Marehemu alipewa kazi ya kuifuta vumbi, akaifuta kwa bidii isiyo ya kawaida, na mtaalamu alipofika alikuta hana wa kumfundisha.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mpiga chapa wa chumba namba 15, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1983, 1986 na 1990, na karatasi ya mama inasema kwamba uchumba ulianza marehemu alipomrudishia barua aliyopiga chapa ikiwa na makosa manne yaliyozungushiwa penseli, na la nne halikuwa kosa, bali marehemu alilizungushia ili apate sababu ya kurudi kuomba radhi.

Tarehe 6 Aprili 1994 alifungua ofisi yake mwenyewe ya kuingiza taarifa za watu kwenye kompyuta, vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya magari, ngazi arobaini na moja, kompyuta sita, mkewe akiwa mfanyakazi namba moja, na mdogo wake, aliyeitwa Mdomo kwa jinsi alivyoweza kuzungumza na yeyote mpaka apewe kazi, akiwa namba mbili. Ni Mdomo aliyepata mteja wa kwanza wa ng'ambo, kampuni ya mashine za kufulia, iliyotuma kwa ndege masanduku ya kadi za dhamana, yaani waranti, zilizojazwa na wanunuzi kwa kila aina ya mwandiko, na kwa zaidi ya miaka kumi vijana wetu waliingiza kwenye kompyuta anwani za wenye mashine za kufulia, wao wenyewe wakirudi nyumbani kufua kwa beseni.

Kila kadi iliandikwa mara mbili, na watu wawili wasioonana, kompyuta ikalinganisha, na penye tofauti kadi ilikwenda kwa mtu wa tatu, yaani marehemu, aliyekuwa na sheria moja tu, kwamba usimuulize aliyeandika, rudi kwenye karatasi yenyewe. Utaratibu huo wa wawili wasioonana aliuleta hadi nyumbani, hata kikombe kikivunjika, mashahidi wawili walihojiwa vyumba tofauti, huku chai ikipoa.

Ofisi ilikuwa na watu arobaini mwaka 1999 na mia moja themanini mwaka 2004, mwaka ambao kampuni tatu zilichimba barabara ileile mara tatu kupitisha nyaya zao za mtandao, kila moja ikifukia kana kwamba ndiyo ya mwisho, na wakubwa wakaja kukata utepe, wakaisifu sekta mpya, wakapiga picha mbele ya kompyuta, ilhali barua ya marehemu ya kuomba laini ya simu ilikuwa kwenye meza zao tangu mwaka 1996.

Julai 2005 kompyuta ilionyesha kwamba mkewe na mdogo wake, walioandika kadi zilezile, hawakutofautiana hata mara moja mwezi mzima, na marehemu, aliyejua kwamba hao wawili hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mboga, tarehe 17 Agosti alisimama nyuma ya kabati la mafaili akawasikia wakinong'onezana kupitia ukuta wa mbao, "Shemeji, hii ni moja au saba?" "Weka saba, tusimsumbue mzee." Nia yao ilikuwa njema, macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua nao walitaka kumpunguzia kadi, ila katika kukubaliana huko walikosea pamoja kadi mia tatu na kumi na mbili, nazo zilipita bila yeyote kuziona.

"Kaka, tulikuwa tunakuonea huruma," alisema Mdomo. "Huruma si kazi mliyopewa," akajibu marehemu mbele ya chumba kizima, "kazi mliyopewa ni kutofautiana." Mama alihamishiwa chumba cha ndani, wafanyakazi wakasema mke hafukuzwi, anahamishwa chumba, na Mdomo akashuka ngazi asipande tena. Hapa ndipo karatasi mbili zinapotofautiana vibaya, kwani ya mama inasema, "Alimfukuza ndugu yake," na ya baba mdogo inasema, "Niliacha kazi kwa hiari yangu," na msomaji anaomba mmvumilie, atarudi hapo.

Tarehe 1 Machi 2006 baba mdogo alifungua ng'ambo ya barabara ofisi ya kupokea simu za wateja wa nchi za nje, madirisha yakitazamana, na aliyeshindwa kwa huyu aliajiriwa na yule, hivyo kwamba leo ni vigumu kupata ofisi ya kazi hizi mjini isiyoongozwa na mtu aliyepanda mojawapo ya ngazi hizo mbili. Kwa miaka yote hiyo ndugu hawa waliongea kupitia kwa mama, "Mwambie mdogo wangu jenereta lake linapiga kelele," "Mwambie kaka jana hakufunga dirisha," hadi mama akasema yeye si nguzo ya simu.

Mwaka 2016 mteja aliandika kwamba sasa kadi zitasomwa na mashine, wafanyakazi wakabaki ishirini na wawili wa kuamua pale mashine mbili zinapotofautiana, na marehemu alifurahi sana kusikia kwamba nazo hazielewani. Alistaafu tarehe 30 Septemba 2019 akamwachia binti ofisi, lakini kila tarehe mosi alipanda ngazi zote, akafungua droo yake, akaandika jambo kwenye daftari la kijani la mahudhurio, akafunga na kuondoka na ufunguo, na binti, aliyedhani anachunguzwa, alinuna.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akidai apimwe presha na wauguzi wawili, na tarehe 1 Juni 2024 aliagiza daftari lile aletewe wodini. "Baba, la nini tena?" "Lete tu." Alifariki tarehe 11 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi kwa saa ya daktari, na ishirini na tano kwa saa ya muuguzi, na familia imeziacha zote mbili.

Sasa kuhusu ile tofauti. Msomaji hakumuuliza mama wala baba mdogo, alirudi kwenye karatasi yenyewe, akafungua daftari la kijani, na mbele ya mfanyakazi namba mbili, tangu Septemba 2005 hadi Juni 2024, miezi mia mbili ishirini na sita, hakukuta "amefukuzwa" wala "ameacha kazi", bali neno moja kwa mwandiko uleule, "Likizo", lile la mwisho, la wodini, likiwa limepinda. Karatasi zote mbili zimekosea. Baba, barabara ina upana wa hatua kumi na nane, si ungevuka tu ukamwambia?

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, kwa tiba na kwa kukubali kupima mara mbili, majirani kwa viti na maji, wafanyakazi wa zamani na wa sasa wa ofisi zote mbili, waliofunga leo madirisha ya pande zote za barabara, na inamwomba mfanyakazi namba mbili, aliyekaa nyuma kule karibu na lango, aje mbele akae pamoja na mama, kwa sababu likizo yake imekwisha.

Pumzika sasa, Mtu wa Tatu, kwa amani usiyohitaji kuihakiki.