Dada Mishale, Kati ya Jumanne na Alhamisi

Marehemu dada yetu alizaliwa mwaka 1961. Hapana, 1962, 1961 ndio mwaka niliovunjika mkono, na yeye alikuwa hajaja. Ni tarehe 4 Februari, 1962, kitinda mimba wetu.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya reli, halafu sekondari ya bweni, mpaka chuo kikuu, akachukua takwimu. Utotoni mama alimwachia maziwa jikoni ayaangalie, yakafurika. Akajitetea: "Mama, nilivyochungulia mara ya kwanza yalikuwa yametulia. Mara ya pili yako sakafuni. Hapo katikati sikuona!" Mama alicheka hadi akasahau fimbo.

Mwaka 1989 aliajiriwa hospitali kuu, ofisi yenye dirisha moja linalotazama ukuta. Alifuatilia wagonjwa wa figo. Alichora visanduku: mzima, mgonjwa, mahututi, marehemu; akaviunganisha kwa mishale, akikokotoa nani huvuka kwenda wapi, na baada ya muda gani. Kisanduku cha mwisho hakikuwa na mshale wa kutoka. Wenzake wakamwita Mishale. Mimi niliyeishia darasa la saba nilimuuliza, kwani hamjui siku mtu aliyovuka?

"Kaka, tunamwona siku ya kliniki tu. Kati ya kliniki na kliniki hatujui yuko wapi."

Mwaka 1990 aliolewa na fundi wa majokofu, mtu mpole, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 figo zake mwenyewe zilianza kuchoka. Alijiweka kwenye mchoro, nukta ya penseli, na kila kliniki akaisogeza bila kutuambia kitu.

Jumanne, tarehe 9 Machi, 2021, saa nane mchana, jirani alimwona anaanika shuka. Alhamisi saa moja asubuhi mumewe alirudi kutoka safari ya kazi, akamkuta mezani, ameshatutoka.

Daktari aliyeukagua mwili akaniambia, "Mzee, andika Jumanne jioni." Nikamwonyesha simu yangu: Jumatano, saa sita na dakika kumi mchana, alinipigia, tukaongea dakika mbili. Aliitazama sana, akanirudishia. "Andika Jumanne, mzee wangu."

Binti yake mkubwa naye: "Mjomba, weka tarehe moja basi, mchapaji wa wasifu anasubiri!"

Nimeshindwa. Nikiandika Jumanne, nimeikana sauti ya mdogo wangu. Kwa hiyo imechapwa hivi: alifariki kati ya Jumanne na Alhamisi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mimi kaka yake. Tunamwombea utulivu huko aliko.

Jumatano ile sauti yake ilikuwa nzuri, haina kuhema. Nyuma yake nilisikia kama foleni ya kliniki, watu wengi wamekaa kimya, na mmoja anasoma namba polepole. Jirani anasema siku ile hakuona mgeni yeyote akiingia nyumbani kwake. Akaniambia, "Kaka, ngoja kidogo, wamefika namba yangu."

Nikamuuliza: nani hao wanaokuita?