Pini Iliyogoma Kutoka

Treni ilikuwa imepita vituo viwili, na mama mmoja fundi cherehani, aliyeketi mbele yangu, bado alikuwa ameukamata mkono wa mumewe, akiisukuma kwa sindano pini iliyoshika mkanda wa saa yake. Alitaka kuuvua mkanda wa chuma, autie wa ngozi alioununua kwa ajili ya harusi ya binti yao. "Tulia, baba watoto. Chuma hiki kinakunyonyoa kama kuku." "Kiache tu, mama watoto, nimeshakizoea." "Sindano ya tatu hii inapinda!" Ilikuwa ya nne, lakini mimi sikuulizwa.

Mzee akatazama dirishani, akakohoa, kisha akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe, "Haitoki hiyo. Niliitia gundi."

"Gundi? Lini?"

"Mwaka ule saa ilipodondoka sokoni. Ulilia siku nzima, ukasema zawadi yako naifanyia mchezo. Nikaapa haidondoki tena."

Mama akaishusha sindano. Nikajua leo mzee atakiona cha moto.

"Miaka kumi na tisa hunambii?"

"Hukuniuliza."

"Mkaidi mkubwa wewe," akasema mama, lakini mkono hakuuachia. Treni ikaanza kupunguza mwendo. Akaurudisha mkanda wa ngozi kwenye mkoba. "Basi utaninunulia mimi saa ya kuutia huu. Na hiyo usije ukaitia gundi."

"Nitaitia," akasema mzee, na treni ikasimama.