Walivyocheza Kilio Changu

Mama zangu na dada zangu wa kikundi, nitaongea haraka, maana jambo hili sipendi kulikalia sana.

Mnanijua, mimi ni yule wa kwaya aliyetoa albamu. Ya kwanza kabisa. Ni mtindo wanaouita wimbi jipya: vinanda vya umeme, ngoma ya mashine, unaimba kwa ubaridi kama mtu asiye na habari na wewe. Nilikuwaga naupenda, na bado naupenda. Prodyuza aliyenirekodi ni wa hapa hapa mjini. Simtaji, mdomo wangu nautunza.

Tukiwa katikati ya kazi, mama akafariki, kwetu Mugango. Yule bwana akaja msibani na kamera, akasema video ya mazishi ndiyo rambirambi yake. Ndugu zangu, tulimshukuru! Baba akampa kiti chake. Shangazi akamwekea kichwa cha samaki, sato, kipande cha mgeni wa heshima. Akala, akanawa, akarekodi.

Sasa kwetu, binti anamlilia mama yake kabla jeneza halijafungwa. Unamwita, unataja shamba alilolima, watoto aliozika, fimbo alizokuchapa. Unalia hivyo mara moja tu, hairudiwagi. Nikalia.

Siku ya uzinduzi Bunda, ukumbi umejaa, akaniambia kuna wimbo ameongeza, sapraizi. Ikaanza ngoma ya mashine. Halafu nikasikia sauti yangu: "Mama, nani atanifungulia mlango?" Imekatwakatwa, inarudiarudia, na watu wanacheza! Jamaa mmoja ana bia mkononi akaitikia, "Mama weee!" huku anakata kiuno. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya watu. Yule bwana akanifuata anacheka. "Dada, huu ndio utakaotutoa. Kilio kama kile huwezi kukiigiza."

Mtu amekula chakula cha msiba wetu! Kinyaa, ndugu zangu. Sina neno lingine.

Wimbo ulifika Mugango kabla yangu, vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanaupiga kwenye spika. Baba akadhani nimemuuza mama. Hakunigombeza, aliacha tu kunisemesha. Namwekea uji, anakunywa anaangalia ziwa. Na mimi kuimba kukanishinda. Nikifungua mdomo kanisani nakiona kile kiuno. Nilimwomba yule bwana aufute, akanijibu kwamba sauti ikishaingia kwenye mashine yake ni ya mashine.

Nawaambia, sikujiinua mwenyewe. Mama mmoja hapa, anajijua, alisema, "Si anapendaga kilio? Tumpelekee." Asubuhi tukaenda studio kwake Nyakato, khanga kiunoni, tukatandika mikeka mlangoni, tukakaa chini kama msibani. Hatukutukana mtu. Kila mteja akija anavua kofia: "Poleni, kafa nani?" Tunamjibu, "Muulize mwenye nyumba." Wakaanza kumpa pole! Kwaya iliyokuja kurekodi iligeuza, nani aimbe kwenye nyumba yenye matanga? Jirani akatuletea kuni.

Jioni akatoka, jasho linamtiririka. "Mama zangu, ondokeni, nafuta."

"Futa tukiona," mama yule akamwambia. "Na kile kichwa cha sato ukitapike."

Akafuta, kwenye kompyuta na kule mtandaoni. Wawili wenu mkanisindikiza mpaka Mugango, mkamweleza baba kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia, akaniuliza, "Umekula?" Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto. Jumapili iliyofuata niliimba.

Asanteni, mama zangu. Mlikaa kwenye jua kwa ajili ya marehemu msiyemjua. Ninachowaachia ni hiki: mtu akija msibani kwako na kamera, muulize anaenda nayo wapi, hata kama kuuliza kunaonekana ni utovu wa adabu. Adabu yetu ndiyo aliyoitumia.

Lakini simu za watu hatuwezi kuzifuta. Wimbo bado unapigwa huko baa na kwenye harusi. Ukiusikia, zima, na kama spika si yako, ondoka. Yule anayelia ni mimi, nimemshika mama mkono, na jeneza bado liko wazi.