Papa Norbert, Aliyemsindikiza Mgeni Mpaka Kwenye Gari

Mchungaji, wakwe zetu, majirani wa Bordesley Green, wenzake wa kazini kutoka Tyseley, na ninyi nyote mliokuja na mvua hii ya Februari, mimi ni Néhémie, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu kama yalivyokuwa, si kama yalivyoandikwa na wengine.

Marehemu Norbert Kashindi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 huko Sange, katika bonde la Ruzizi, Uvira, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kashindi Ndagano, mkulima wa mihogo na pamba, na Mama Feza, ambao wote wamekwisha kututangulia. Nyumbani kwetu mtoto wa kwanza ndiye aliyetumwa kumpokea mgeni mzigo njiani, na mgeni akiondoka ndiye aliyemsindikiza mpaka mahali ambapo nyumba haionekani tena, na kaka yetu aliifanya kazi hiyo tangu angali mdogo, wala hakuiacha hata alipoota mvi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Sange kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari mjini Uvira, akapata diploma ya ualimu mwezi Julai 1981, na Septemba mwaka huo huo akarudi Sange kufundisha darasa la tano katika shule aliyosoma mwenyewe. Huko ndiko alikoijua serikali. Mshahara ulikuja ukitaka, walimu waliishi kwa unga na maharage ya wazazi wa wanafunzi, lakini mkaguzi alipofika kutoka mjini walivaa suti zao, wakamchinjia kuku, wakamwambia shule haina shida yoyote. Mwaka 1987 mwenzao mmoja, mwalimu wa hesabu, alithubutu kumwambia mkaguzi kwamba watoto wanakaa chini na walimu wana njaa, mkaguzi akaandika, akamshukuru, na wiki iliyofuata askari walikuja kumchukua mwalimu yule, akarudi baada ya muda mrefu akiwa si mtu wa kuongea tena. Tangu siku hiyo kaka yetu aliamini kwamba mtu wa serikali anayeandika wakati wewe unaongea haandiki kwa faida yako, kwa hiyo mpe kiti, mpe maneno mazuri, kisha msindikize aende zake, mwenye nguvu mpishe.

Tarehe 17 Julai 1993 alifunga ndoa takatifu na Mama Jeannine Furaha mjini Uvira, na Mungu akawajalia watoto wawili, Israël, aliyezaliwa mwaka 1995, na Précieuse, aliyezaliwa mwaka 2004 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, walikokimbilia vita vilipoingia Uvira Oktoba 1996, na ambako kaka yetu aliendelea kufundisha chini ya turubai. Alifika Birmingham tarehe 14 Novemba 2005, akapewa hifadhi, na familia yake ikamfuata Aprili 2009.

Hapa diploma yake haikumsaidia chochote, kwa hiyo wakala akampeleka kwenye karakana ya kukata mabomba huko Tyseley, karakana ambayo siku hizi imefungwa, kazi ya kuitwa kwa simu alfajiri, ukiitwa unakula, usipoitwa unakunywa chai. Msimamizi wake alikuwa Bwana Gurdev, mzaliwa wa Kisumu, tunaye hapa leo, na kwa miaka mingi wawili hao walibishana nani anakiharibu Kiswahili zaidi kati ya Mkenya na Mkongo, na mpaka kaka yetu anaondoka hakuna aliyekubali kushindwa. Kodi alilipa, bima ya taifa alilipa, tena kwa furaha, akisema nchi hii mtu anaona anacholipia, kwamba siku akianguka kuna mkono utakaomshika. Msemo huo wa mkono aliurudia mara nyingi sana, na leo unatuuma kuukumbuka.

Ugonjwa wake ulijulikana Machi 2019, katika hospitali kubwa ya jirani, ambako madaktari walisema moyo umedhoofika, maji yakajaa miguuni, akawa analala amekaa kwenye kiti, na ngazi za kwenda chumbani hakuzimaliza bila kupumzika katikati. Aliacha kazi mwaka 2020, akapewa msaada wa serikali wanaopewa watu ambao mwili umewagomea, na mkono ule kweli ulimshika, hatutaki kusema uongo. Kisha ukaja wakati ambapo wakubwa, ambao hawajawahi kungoja simu ya wakala, walianza kusema kwenye televisheni kwamba wanaojifanya wagonjwa wamezidi, na watu wakaanza kupimwa upya.

Tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, mpimaji alikuja nyumbani, si na vipimo bali na maswali, mwanamke kijana mwenye adabu, wala hatuna ugomvi naye. Kabla hajafika, kaka yetu alishuka ngazi kwa makalio ili mgeni asimkute katika hali hiyo, akanyoa ndevu, akavaa suti ya kijivu aliyoishona kwa harusi ya Israël, akafunga tai, na mkewe alipomwona akamuuliza, "Weye Norbert, unavaa costume juu ya kuonyesha ugonjwa?", naye akajibu, "Mama Israël, mutu ya serikali hawezi nikuta na pijama mu nyumba yangu." Précieuse, kwa Kiingereza chake cha Birmingham, alimsihi leo asiwe mwalimu, awe mgonjwa tu, akaambiwa akatandike kitambaa mezani.

Mgeni alipomuuliza hali, alijibu kama sisi sote tulioketi hapa tunavyojibu, kwamba hajambo, Mungu anasaidia, maana ni nani kati yetu aliyewahi kuulizwa hali akaanza na habari za miguu. Alipoulizwa kama anatembea, alisema anajikongoja kidogo kidogo, na alipoulizwa kama anaweza kupika, alicheka, akasema mke wake anapika vizuri zaidi. Mama Jeannine alifungua kinywa, akamtazama mumewe, akaona hofu ambayo hakuwa ameiona tangu Sange, akanyamaza. Mgeni alipoaga, kaka yetu alisimama, akambebea mkoba, akamfungulia mlango, akamsindikiza mpaka kwenye gari lake kule kwenye kona, akampungia mkono hadi gari lilipopotea. Alirudi akishika kuta za majirani, akaanguka kwenye korido na tai yake shingoni, na viatu vilivuliwa kwa shida kwa sababu miguu ilikuwa imevimba ndani yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, basi huyu alikuja, na mwenyeji hakupona.

Tarehe 16 Julai msaada ulikatwa, kwa maelezo kwamba anatembea bila kusaidiwa, anabeba mzigo, amevaa nadhifu na ni mchangamfu, na yote hayo yalikuwa kweli, lakini chini yake waliongeza kwamba maelezo yake ya awali kuhusu ugonjwa hayaaminiki. Hilo ndilo lililomwingia. Umaskini aliuzoea tangu utoto, njaa aliifahamu, ila hakuna aliyewahi kumwita mwalimu Kashindi mwongo. Précieuse aliacha masomo ya uuguzi akaenda kuuza viatu Northfield, moto wa kupasha nyumba joto ukawa unawashwa jioni tu, na kaka yetu, aliyekuwa akigawa vyakula vya msaada hapa kanisani kila Jumamosi, alianza kuja siku hiyo hiyo kwa mlango ule mwingine, akisimama kwenye foleni nyuma ya watu aliowahudumia.

Hata hivyo alikata rufaa, akaipinga serikali kwa mara ya kwanza maishani mwake, akataka asimame mbele ya hakimu aseme yeye ni mgonjwa na si mwongo. Tatizo lilikuwa kulisema. Jioni, jikoni, Précieuse alijifanya hakimu, akamuuliza hali yake, naye akajikaza, akakohoa, akasema hajambo, wakacheka wote mpaka akaishiwa pumzi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa miezi yote ya vuli. Siku moja ya Desemba aliulizwa tena, akasema, "Niko mubaya. Siwezi panda ngazi. Ninalala nimeikala, na niko naogopa," na safari hiyo hakuna aliyecheka, Précieuse alizima jiko, akamshika mkono.

Tarehe ya kesi ilitoka, kaka yetu hakuifikia. Kifua kilimbana katikati ya baridi, akapelekwa hospitali, akafariki Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mke na watoto wakiwa pembeni yake. Daktari aliandika moyo, hatubishani na daktari, lakini moyo huo ulikuwa ukikaa ndani ya nyumba, na nyumba ilikuwa baridi. Tumesikia pia wanaonong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na tunawaomba waelewe kwamba hakuwaficha madaktari, wala hakuwaficha ninyi, aliificha serikali, na sababu alikuwa nayo.

Mheshimiwa diwani ametuma shada la maua na ameomba dakika chache za kuzungumza. Tunamkumbuka, alikuja hapa Oktoba kupiga picha mbele ya maboksi ya nyanya za kopo, marehemu akiwa kwenye foleni nyuma yake. Kiti tumempa, chakula atapewa, kipaza sauti hatakipata, na wa kumsindikiza pia hatuna, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo ndiye huyu tunayemsindikiza leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu miaka sita bila kumuuliza kama anasema kweli, inawashukuru majirani, hasa waliomwinua siku ile kwenye korido na kuwasha moto kwa pesa zao, inawashukuru Bwana Gurdev na wenzake wa Tyseley waliolibeba jeneza, na inalishukuru kanisa hili.

Neno la mwisho ni tangazo. Wiki iliyopita ofisi ya msaada ilimpigia simu Mama Jeannine, ikampa pole, ikamwambia kwamba kwa kuwa mhusika amefariki, shauri linaweza kufutwa tu, familia isijisumbue. Amekataa. Litasikilizwa Jumanne tarehe 11 Februari, saa tatu asubuhi, na mwenye nafasi aje, viti vya nyuma ni vya wote. Mama Jeannine ameomba asimame yeye, na akiulizwa hali ya mume wake ataisema yote, ya ngazi, ya kiti, ya viatu, na ile ya kuogopa.

Kaka yetu Norbert, wewe pumzika. Sisi Jumanne tuna kesi.