Treni ya Jumapili Imegoma kwenye Mac

Benchi letu liko upande wa mashariki wa soko la Tammela, mjini Tampere, mahali ambapo jua la Aprili hufika saa nne asubuhi na kukaa mpaka muuza soseji afunge mwavuli wake. Changarawe zilizomwagwa njiani wakati wa barafu bado hazijafagiliwa, na kila anayepita anazikwaruza. Jumamosi tunakutana watu wanne, na chupa ya kahawa huletwa kwa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Wa kwanza ni Kauko Ilmari Hietaharju, dereva wa treni mstaafu, ambaye hapa huitwa Breki. Wa pili ni Tauno Myllykangas, aliyekuwa fundi wa lifti. Tunamwita Mhandisi, jambo ambalo si kweli na ambalo hajawahi kulikanusha. Wa tatu ni Bi Liisi Saarikallio, aliyeunganisha simu za mji huu kwa mkono kabla simu hazijajua kujiunganisha zenyewe. Yeye ni Opereta. Mimi wananiita Tanganyika. Nimewaeleza tangu mwaka 1965 kwamba nchi hiyo ina jina jingine, na sasa nimechoka kueleza.

Breki alifika amechelewa. Alikaa bila kuvua kofia, akashika kikombe bila kunywa.

— Imekataa tena, akasema.

— Mac? akauliza Mhandisi.

— Kwani kuna kingine?

Habari hii tulikuwa nayo wiki ya nne. Breki alipotimiza miaka sabini na mitano mwezi wa Machi, binti yake Sirkku alimletea kompyuta ya Mac, nyembamba kama sahani, na ile kuukuu ya Windows akaipeleka mwenyewe kwenye kituo cha vyuma chakavu. Lakini ndani ya ile kuukuu mlikuwa na mchezo wa treni, na mchezo huo umetengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake. Breki huucheza kila Jumapili saa nane mchana pamoja na Reino Juntunen wa Kokkola, mtu aliyekaa naye katika chumba kimoja cha dereva miaka ishirini na moja. Breki anaendesha, Reino, kwake Kokkola, anashika taa za reli. Miaka miwili iliyopita Reino alipata kiharusi, na tangu hapo maneno humtoka moja moja, kwa taabu. Kwenye mchezo hayahitajiki maneno. Taa ikiwa ya kijani, maana yake njoo. Sasa Breki amekosa Jumapili nne, na kesho ilikuwa ya tano.

— Ile dawa yangu uliijaribu? akauliza Mhandisi.

— Dawa ipi? Umenipa tatu.

— Ile ya kuweka Windows ndani ya Mac. Nyumba ndani ya nyumba.

— Niliijaribu. Mchezo ukafunguka. Treni imeondoka Tampere saa nane. Saa tisa na nusu bado iko Tampere.

— Yaani imesimama?

— Haijasimama. Inatoka. Naliona behewa la kwanza, nachemsha kahawa, naliona la pili.

— Si inatembea basi!

— Mhandisi, hata nywele zinatembea kwa mwendo huo.

Opereta akacheka puani, akanyoosha kikombe. Nikammiminia.

— Na ile ya mkalimani? akauliza. Ile programu inayokaa katikati, mchezo unasema kwa lugha ya Windows, yenyewe inaiambia Mac kwa lugha ya Mac.

— Hiyo nayo ikafunguka vizuri. Giza tupu.

— Giza vipi?

— Giza, Opereta. Kioo cheusi. Ila honi inasikika. Nikibonyeza honi, inalia. Nimeendesha dakika arobaini gizani, napiga honi.

— Ukafika wapi?

— Nitajuaje?

Mhandisi alitaka kucheka, akamtazama Breki usoni, akaacha.

— Basi kodi mashine ya mbali, akasema. Windows inakaa huko, wewe unaletewa picha tu.

— Nimekodi. Siku tatu za majaribio. Mashine iko Ujerumani, sijui mji gani. Picha nzuri, reli nzuri, hata miti naijua. Lakini nikishika breki hapa Tampere, habari inakwenda Ujerumani kwanza. Halafu ndiyo treni inasikia.

— Inachelewa kiasi gani?

— Sekunde moja. Mtandao wa jengo letu ukielemewa, mbili.

— Sekunde moja! Bwana we, mimi nilikuwa na lifti zilizofikiria dakika nzima kabla ya kufunga mlango, na watu walifika makwao.

— Lifti yako ina tani mia nane nyuma yake?

— Haina.

— Basi kunywa kahawa. Miaka thelathini na minne sikupita taa nyekundu hata moja. Moja! Jumatano nimepita tatu, kabla ya Lielahti, hata mji sijautoka. Nikazima, nikaenda kuosha vyombo.

— Ilikuwa Jumatano, akasema Opereta kwa upole. Reino hakuona.

— Ndiyo maana nilijaribu Jumatano. Siwezi kupita nyekundu mbele ya Reino. Nyekundu ameiweka yeye.

Mbele yetu mwanamke alikuwa anachagua viazi kimoja kimoja, na muuza viazi alimwacha tu.

— Breki, mie nauliza kama mjinga, akasema Opereta. Si ununue nyingine ya Windows, hata ya mtumba?

— Sirkku ataiona. Anakuja kila Jumanne na mikate ya iliki. Atakuta mbili mezani.

— Ifiche.

— Nina chumba kimoja na jiko, nitaificha wapi?

— Kwenye sauna, akasema Mhandisi, yaani kwenye bafu la mvuke.

— Sauna ni ya jengo zima, we mzee! Zamu yangu ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Nimwambie Reino treni sasa inaondoka Ijumaa, tena tukiwa uchi?

— Basi mwambie Sirkku ukweli.

— Rangi aliichagua mwenyewe, akasema Breki. Alisimama dukani saa nzima, akachagua rangi ya vile viti vyetu vya zamani vya daraja la pili. Anavikumbuka. Alikuwa mdogo, nilikuwa nampakia kwenye treni.

Baada ya hapo hakuna aliyemtaja Sirkku tena. Nilimimina raundi ya pili, chupa ikawa nyepesi mkononi.

— Mimi nimesoma, akasema Opereta, kwamba Mac za zamani zilikuwa na moyo mwingine. Unagawa diski nusu kwa nusu, ukiwasha unachagua: leo Mac, leo Windows.

— Ni kweli. Yangu ni mpya. Moyo huo haina.

— Yaani umeletewa mpya mno.

— Ndivyo alivyoniambia yule kijana wa dukani, ila yeye alitabasamu.

— Tatizo si moyo, akasema Mhandisi, na alipoweka mguu mmoja juu ya mwingine tulijua tumekwisha. Tatizo ni joto. Nyingine hazina hata feni. Unaibebesha Windows, inapata homa. Ndiyo maana mabehewa yanatoka moja moja. Itoe nje, iweke kwenye roshani.

— Nje kuna nyuzi mbili.

— Ndiyo ninachosema!

— Na mimi nikae wapi?

— Na wewe roshani. Vaa kofia ya manyoya. Si uliendesha treni Januari, dirisha limevunjika, ukatusimulia miaka kumi?

— Roshani haitasaidia, akasema Opereta. Ibadilishe lugha. Iweke Kiswidi.

— Kiswidi?

— Mashine ikiwa kwa Kifini inakujibu mkato: haiwezekani, basi. Nilifanya kazi na mitambo miwili, wa Kifini na wa Kiswidi. Wa Kiswidi hata ukikataa ulikuwa unaomba radhi kwanza, na pale pale kwenye radhi unapata nafasi ya kujaribu tena.

— Opereta, hii nayo umeisoma wapi?

— Hii sijaisoma. Nimeiishi.

— Jamani, hamwoni jambo lililo wazi, akasema Mhandisi, akashusha sauti. Mashine inajua. Inajua imeletwa kuchukua nafasi ya mwenzake aliyetupwa chakavu. Breki, ukiwa peke yako unaiitaje?

— Naiita sahani.

— Umeona!

— Nimeona nini?

— Ingekuwa wewe, ungemfanyia kazi mtu anayekuita sahani?

— Kazini waliniita Breki miaka thelathini na minne, na nikawafanyia.

Opereta alikuwa bado anafikiri. Nilimwona akisogeza vidole hewani, kama anachomeka nyaya.

— Ninayo, akasema. Mchezo Reino anao, kompyuta yake ni ya Windows. Basi aendeshe yeye. Aelekeze kamera kwenye kioo chake, wewe uone reli. Ukiinua mkono, yeye anaongeza mwendo. Ukishusha, anafunga breki. Yeye anakuwa mikono yako.

— Mkono wake wa kulia haufanyi kazi, Liisi, akasema Breki.

Alimwita kwa jina lake. Opereta akarudisha vidole mapajani.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mwanamke mwenye sahani ya karatasi, akila soseji ya damu na jamu nyekundu kama wanavyokula wote sokoni pale. Ni jirani wa jengo letu, na jina lake nilikuwa nimelisoma kwenye ubao wa mlangoni: Helvi Inkeri Pukkila, ngazi ya B, aliyehamia Februari kutoka Lappeenranta. Watu wa huko mashariki ya nchi huzungumza na wasiowajua. Sisi huwasamehe.

— Samahani, nawaingilia, akasema. Nimesikia yote, masikio sina pa kuyaweka. Huyo Reino, yeye anadhani umepotelea wapi?

Mhandisi akamtazama Opereta. Opereta akanitazama mimi. Mimi niliitazama chupa.

— Yuko nyumbani kwake, akasema Breki.

— Hapana, baba, siulizi yuko wapi yeye. Wewe. Jumapili nne huonekani. Anadhani nini?

— Anajua.

— Anajuaje? Ulimwambia kompyuta imebadilishwa?

Breki alikizungusha kikombe.

— Sijapiga simu. Kuzungumza kunamchosha. Neno moja linaweza kumchukua dakika, na anatoka jasho. Nikasema nisimsumbue kwa habari za mashine. Nitaitengeneza kwanza, halafu nitaingia tu, kama kawaida.

— Na yeye hajakupigia?

— Reino hawezi kunisumbua.

Bi Pukkila akapangusa vidole polepole, kimoja kimoja, akaikunja karatasi yake.

Mhandisi alikuwa anasogeza changarawe kwa ncha ya kiatu. Lazima niseme ukweli: kwa wiki nne tulikuwa tumezungumza juu ya diski, feni, wakalimani na Ujerumani, na mwenzetu mmoja katika sisi alikuwa ameunganisha simu za mji mzima kwa miaka kumi na minane. Hakuna aliyekuwa ametaja kupiga simu. Nami ningefanya vilevile kama Breki. Nimekaa hapa muda mrefu.

Niliinamisha chupa juu ya kikombe cha Breki. Yalitoka matone mawili. Siku nyingine yoyote, kahawa ikiisha, kila mtu husimama na kusema haya basi, na tunakwenda zetu. Siku hiyo hakuna aliyesimama.

Breki alitoa simu mfukoni. Akalitafuta jina, akalipata, akabaki akilitazama.

— Nianze na nini? akauliza.

Bi Pukkila wa Lappeenranta akamtazama Opereta.

— Sisi kwenye mitambo ya simu tulikuwa tunasema tulipo tu, akasema Opereta. "Tampere hapa." Halafu unasubiri. Usimharakishe mtu wa upande wa pili.

Breki akabonyeza. Simu yake huwekwa sauti ya juu kwa ajili ya masikio yake, kwa hiyo tulisikia sote ilivyoita, mara tano, mara sita. Ikapokewa. Hapakuwa na neno, pumzi tu.

— Tampere hapa, akasema Breki.

Pumzi.

— Mashine ndiyo iliyokataa, Reino. Si mimi.

Tukasubiri. Muuza viazi alifungasha, akarudisha chenji, akamhudumia mteja mwingine, na sisi bado tunasubiri. Breki hakuharakisha. Uso ulikuwa umemtulia, macho yakitazama mbele, mbali kidogo kuliko soko.

— Parkano, ikasema sauti.

Parkano ni stesheni iliyo kaskazini ya hapa, ya kwanza wanayopitia kila Jumapili. Tulingoja tena.

— Ki... jani.

— Bado? akauliza Breki.

— Bado.

Breki akavua kofia, akaiweka gotini.

— Umeiacha kijani Jumapili zote nne?

Pumzi, ndefu.

— Lakini treni sina, Reino. Hata kesho sitakuwa nayo. Sijui kama nitaipata.

Tulisikia mtu anajitahidi, anakosa, anaanza upya. Mhandisi alikuwa amefumba macho.

— Kaa, ikasema sauti. Kaa... tu.

— Saa nane?

— Nane.

— Haya. Saa nane nitapiga, nitakaa.

Alikata simu, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Hakuna aliyemwuliza watu wawili watachezaje mchezo wa treni bila treni. Nilikaza kizibo cha chupa, nikakusanya vikombe, vinne, na Bi Pukkila akauliza Jumamosi ijayo zamu ya kahawa ni ya nani.

— Yangu, akasema Breki. Nitaleta vitano.