Mchanga wa Bure

Kijiwe cha wazee hawa watatu kiko nje ya duka la Kinyozi, kwenye benchi la saruji ambalo Fundi Lipu alilijenga na kulipiga lipu mwenyewe, laini mpaka suruali zinateleza. Kutoka hapo unaliona lundo la mchanga wa kijivu ulioachwa na mgodi. Wenye mgodi walifunga virago miaka arobaini iliyopita, hata kuaga hawakuaga. Wiki hii wamekuja watu wa ovaroli nyeupe na barakoa kulizoa lundo, na kupima damu za watoto. Mjukuu wa Fundi Lipu, wa miaka minne, amekutwa na sumu nyingi kuliko wote. Asubuhi hiyo Fundi alishika kikombe tu mpaka kahawa ikapoa.

— Sumu gani, akasema Kinyozi. Wanazoa dhahabu mchana kweupe, wanatutisha tusisogee.

— Dhahabu ilishakwisha, akadakia Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki. Chini ya lundo kuna makabati ya faili zenye majina ya waliofia mgodini. Hayo ndiyo wanayotafuta.

— Makabati ya nini? Watatuhamisha sote, wajenge hoteli.

— Hoteli juu ya sumu?

— Kumbe umekubali ni sumu.

Redio akaweka kikombe chini. Kisha akamgeukia Fundi.

— Mjukuu wako huwa anakwenda kucheza kule lundoni?

— Hajafika hata siku moja. Mama yake hamtoi nje ya geti.

— Basi ni upepo.

— Ni upepo tu, akasema Kinyozi, haraka mno.

Fundi alijua haraka hiyo inatoka wapi. Hata duka la Kinyozi alilipiga lipu yeye. Mchanga wa lundo ulikuwa mwembamba, hauhitaji kuchekechwa, tena wa bure. Miaka thelathini aliusomba kwa mkokoteni, mtaa mzima ukimsifu kwa kazi safi. Kwa binti yake alikipiga lipu chumba cha mtoto tabaka mbili, iwe zawadi. Na yule mtoto ana tabia ya kulamba ukuta. Walikuwa wakimcheka. Fundi alikumbuka kicheko chake mwenyewe, akajichukia.

Mwanamke mmoja wa ovaroli nyeupe akaja na daftari, barakoa ameishusha kidevuni.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Samahanini. Picha za zamani zinaonyesha lundo hili lilikuwa kubwa mara mbili ya tulivyolikuta. Nusu nyingine ilikwenda wapi?

Kinyozi akaangalia viatu vyake. Redio akakohoa.

— Upepo, mwanangu, akasema Redio. Huku kuna upepo sana.

Mwanamke akaandika, akashukuru, akageuka kwenda zake.

— Futa hiyo, akasema Fundi Lipu. Si upepo, ni mimi. Niliwapigia watu lipu. Anza kwa binti yangu, chumba cha mtoto, leo hii.

Mwanamke akarudi, akafungua ukurasa mpya.

— Na nyumba nyingine ni zipi, baba?

Fundi akautazama mtaa, upande huu, kisha upande ule. Kinyozi akainuka polepole kutoka kwenye benchi, akajipangusa suruali. Kalamu ilibaki juu ya ukurasa mtupu.