Koti Lisilovuliwa

Benchi letu limeegemea ukuta kati ya duka la kinyozi na la fundi cherehani, na ni la watu wawili tu: Kinyozi kushoto, Fundi kulia. Sisi wengine tuna kreti na ndoo zetu. Hata Fundi alipolazwa hospitali, upande wake ulibaki wazi. Mpita njia akitaka kupumzika pale, tulimwambia pana mtu. Mimi ndiye muuza kahawa, na birika langu ndilo saa ya kijiwe: likikauka, watu huaga. Ndani kwa Kinyozi, juu ya kioo, inaning'inia kalenda ambayo mwaka wake ulishakufa na kusahaulika. Ina picha ya ziwa la nchi ya watu, milima kwa nyuma, na ukingoni benchi jekundu lisilo na mtu. Hawa wawili waliapa tangu ujana kwamba siku moja watakaa pale. Kesho Kinyozi anapanda ndege kama mtalii, lakini peke yake, maana daktari ameusikiliza moyo wa Fundi akasema, mzee, wewe ndege uitazame ikipita tu. Jioni hii Fundi alikuwa anamalizia koti la safari la mwenzake, na kijiwe kizima kilikuwa kimegeuka chuo cha usalama.

— Pasipoti umeitoa nakala? alianza Bi Dawa, mwenye duka la dawa la ng'ambo ya barabara.

— Mbili, alijibu Kinyozi. Moja anabaki nayo Fundi.

— Vidonge vyako vya presha beba na pakiti zake, na cheti cha daktari. Bima unayo?

— Ninayo.

— Chanjo?

— Mkono bado unauma.

— Basi wewe ni mtalii kamili. Safari njema.

Tungeishia hapo, mtu angekwenda zake kwa amani. Lakini Wakili alikuwa hajasema. Wakili hakusoma sheria. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili mpaka akaamini ameyasoma.

— Mnampoteza mzee wa watu, alisema akigeuza ndoo yake. Kwanza kabisa, usizidishe siku mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una mgongo wa kulima?

— Wakili, nimelipia hoteli wiki nzima.

— Ndio hao hao! Watakulaza vizuri siku mbili. Ya tatu asubuhi utasikia mlango unagongwa.

— Si wanakuja kufanya usafi? aliuliza Bi Dawa.

— Wameshika nini?

— Fagio.

— Mpini wa fagio na mpini wa jembe ina tofauti gani?

Fundi alicheka, pini zikiwa mdomoni. Zamani kicheko chake kilifika mpaka kituo cha basi. Siku hizi anakikata mapema, kama mtu anayebana matumizi. Alilinyanyua koti tulione.

— Nimekuwekea mifuko mitatu, alimwambia Kinyozi. Huu wa ndani, kifuani, pasipoti. Huu wa kiunoni, pesa. Na huu wa nje ni wa mwizi. Tia chenji kidogo, naye ana watoto.

— Hapo sawa, alisema Wakili. Lakini sheria namba moja: koti halivuliwi. Mezani nalo. Kitandani nalo.

— Na bafuni? niliuliza mimi.

— Anaoga mkono mmoja. Wa pili umelishika koti nje ya pazia.

Nilimgeukia Bi Dawa atuokoe. Wapi! Naye alishaambukizwa.

— Kwa hilo namuunga mkono, alisema. Koti lisivuliwe hata kidogo. Na usizoeane na watu. Ukiulizwa saa, huna saa. Ukiulizwa njia, huijui.

— Njia kweli siijui, Bi Dawa.

— Safi sana. Endelea hivyo hivyo.

— Ukipotea uwanja wa ndege, alidakia Wakili, fuata nyuki ule asali. Wanakoelekea wengi, na wewe huko huko.

— Kama wanaelekea ndege nyingine?

— Utakula asali nyingine. Na mtu akikuchekea bila sababu, jua keshahesabu mifuko yako. Simu usimpe mtu akupige picha. Halafu usikae kae ovyo mahali pa wazi. Mwizi hapendi mtu anayetembea, anapenda aliyetulia.

— Wakili, mimi naenda kukaa kwenye benchi. Ndiyo safari yenyewe.

— Basi kaa umesimama.

Tulicheka mpaka wateja wa duka la jirani wakachungulia. Kinyozi peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama nikimimina kahawa, lakini hakuwa ananiona.

— Fundi, alisema, mimi naona tuahirishe. Twende mwakani. Moyo wako ukitulia tunakwenda wote, kama tulivyosema.

— Nyoosha mkono nipime.

— Sifanyi utani.

— Na mimi sifanyi. Nyoosha.

Kinyozi akanyoosha. Fundi akapitisha utepe kuanzia begani hadi kwenye kifundo, taratibu, ingawa vipimo vya mkono ule anavijua tangu hauna mvi.

— Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, alisema Fundi. Mimi wamenigeuzia: moyo umegoma, macho mazima. Unajua nalitamani vipi lile ziwa? Bwana wee, nalitamani. Nikija kunyolewa kwako, zile dakika chache ndizo ninazokwenda. Nafumbua macho nimefika, unaniambia tayari, narudi. Wewe usipokwenda, nitakuwa nimelikosa mara mbili. Nenda ukanitazamie.

Hapo utani ulikufa. Nikamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza. Niseme kweli: hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka mpaka. Wezi wenyewe tulikuwa hatuwajui. Tulikuwa tunamtisha yule mzee kwa sababu tulishaanza kumkumbuka naye bado yuko mbele yetu, na kwa sababu kila mmoja alitamani lile koti liwe linamtosha yeye.

Wakati huo alikuja binti mmoja na kikombe chake mkononi, mpangaji mpya wa chumba cha juu. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi. Nilipokuwa namjazia, alichungulia ndani kwa Kinyozi, akaiona kalenda.

— Ndiko unakokwenda, baba? Nimesikia huko ngazini.

— Ndiko, mwanangu.

— Pazuri. Alipuliza kahawa yake, akaitazama tena ile picha. Na ukifika, utakaa upande gani?

Wakili alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaufunga bila methali. Bi Dawa akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Kinyozi alitazama alipokaa, akatazama alipokaa mwenzake, kisha akainamisha kichwa.

— Nimeuliza vibaya? alisema binti.

— Hapana, mwanangu, alisema Kinyozi. Ni kwamba sijui.

Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno. Akalikung'uta koti, akasimama, na kusimama kwenyewe siku hizi ni kazi. Akamvalisha mwenzake, mkono huu, kisha huu, akaivuta kola ikae, akamfunga kifungo cha juu kama anayempeleka mtoto shule.

— Kushoto, alisema. Ulivyozoea.

— Na kulia?

— Kulia utalivua hili koti, uliweke. Likae na wewe mpaka utosheke, ndipo mrudi.

Sote tulimgeukia Wakili, maana sheria ilikuwa yake. Alikuna kidevu.

— Pasipoti uitoe kwanza uishike mkononi, alisema polepole. Koti liache likae.

Birika lilikuwa limeshakauka. Nililitikisa nikasikia halina kitu, nikalirudisha juu ya makaa hivyo hivyo, mtu asije akaaga.